Labrador wa miezi mitano na walimu wake saba

Familia iliyoniita niwasaidie kumfundisha mbwa wao inaishi Mbezi, Dar es Salaam, kwenye nyumba yenye uzio na ua wa kutosha. Majina yao nayaacha. La mbwa nalitaja kwa kuwa halimdhuru mtu: anaitwa Bosi. Ni Labrador dume wa rangi ya mchanga, wakati huo ana miezi mitano na kilo 18. Anang'ata mikono na miguu ya watoto hadi inachubuka. Ananyofoa nguo kwenye kamba na kukimbia nazo. Anaparamia kila anayeingia getini. Ikifika saa kumi na mbili jioni anapandwa na kile ambacho mama mwenye nyumba alikiita mashetani: anazunguka ua mbio, anaangusha ndoo, anauma chochote kilicho mbele yake. Kulikuwa na jambo la tano, na baba alilisema mwishoni kabisa. Jirani yao, mzee wa heshima zake, amerukiwa mara mbili akiwa ndani ya kanzu anakwenda kuswali magharibi, na tangu mara ya pili salamu zimekuwa nzito.

Kabla sijafika walikuwa wamekwishajaribu mengi. Mlinzi alikuwa akimtandika fimbo kila akimkuta na ndala mdomoni. Rafiki wa baba kazini alimshauri amkimbize mpaka achoke, kwa hiyo kila alfajiri baba alipanda baiskeli na Bosi akafuata nyuma kwa kamba. Shangazi naye akaja na ushauri unaojulikana mitaa yote: mfungieni bandani mchana kutwa, mfungulieni usiku, atakuwa mkali na adabu itamwingia. Wakafanya yote matatu kwa zamu, wiki hii hili, wiki ijayo lile.

Nianze na matarajio, maana hapo ndipo kisa kilipoanzia. Baba alitaka mbwa wa ulinzi. Aliyemuuzia alimwambia huyu ni mbwa wa kizungu na ana akili sana, akaishia hapo. Labrador hakuzalishwa kwa ajili ya ulinzi. Mababu zake walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, Kanada ya leo, waliokuwa wakijitosa kwenye maji baridi kuokota samaki waliochomoka na kuvuta kamba za nyavu. Katika karne ya 19 mabwanyenye wa Uingereza wakawachukua na kuwaendeleza kwa kazi ya kuokota ndege waliopigwa bunduki na kuwaleta bila kuwararua. Mwaka 1903 Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili aina za mbwa, ikawatambua rasmi kama aina yao peke yao. Vizazi vyote hivyo walikuwa wanachaguliwa wale wanaopenda kubeba kitu mdomoni, wanaopenda watu, na wasiochoka upesi. Ukiyarudia malalamiko ya familia utaona kwamba mengi ni sifa hizo hizo, ila ziko kwenye ua wa Mbezi ambako hakuna bata wa kuokota. Mwizi akiruka ukuta, Labrador wa kawaida atabweka vizuri tu, kisha atamletea ndala.

Niliomba waweke daftari jikoni kwa siku tatu bila kubadilisha kitu chochote. Safu nne: saa ngapi, amefanya nini, nani alikuwepo, na nini kilifuata papo hapo. Safu ya mwisho ndiyo niliyoitaka. Watu wengi wakisimulia tabia ya mbwa husema alichofanya na kilichomchokoza, wakasahau alichopata. Mbwa hasahau alichopata.

Dada wa kazi, ambaye ndiye aliyeandika mengi na kwa mwandiko mzuri, alianika nguo saa tatu asubuhi. Bosi akanyofoa soksi. Dada akapiga kelele, watoto wakatoka, wote wakamfukuza kuzunguka gari, raundi baada ya raundi, mpaka bibi akatupa kipande cha mkate ili aiachie. Ihesabu ile soksi ilimlipa nini: kelele, wachezaji watatu, mbio za kutosha, na mkate juu yake. Kesho yake saa tatu alikuwa amekaa chini ya kamba ya nguo akisubiri.

Mlango wa jikoni, vivyo hivyo. Alibweka, bibi akamtupia ukoko wa ugali anyamaze, akanyamaza dakika mbili, akabweka tena. Wageni aliowaparamia walimsukuma kwa mikono, na kwa mtoto wa mbwa kusukumwa ni mwaliko wa mieleka. Watoto walipong'atwa walipiga mayowe na kuvuta mkono kwa kasi, jambo linaloufanya mkono ufanane na mnyama anayetoroka.

Mistari miwili ndani ya daftari lile ndiyo iliyonifanya nikae chini. Mlinzi, mtu mkweli, aliandika kwamba saa moja usiku Bosi "alikuja na ndala ya mama, nikamchapa." Nikamuuliza: alikuja kwako, au ulimfuata? Akasema alikuja mwenyewe, mkia unatikisika, akasimama mbele yake. Mstari wa pili, wa usiku uliofuata, ulisema ndala imekutwa nyuma ya simtanki ikiwa imetafunwa vipande. Siku ya kwanza mbwa alifanya ile kazi aliyozaliwa nayo: ameokota, ameleta, amesimama kusubiri. Akapata fimbo. Siku ya pili hakuacha kuokota, aliacha kuleta. Fimbo haikumfundisha kwamba ndala si yake. Ilimfundisha kwamba ukiwa na ndala usimsogelee mtu, na sehemu salama ni nyuma ya simtanki. Hasara ya ndala ilipanda, na mlinzi akaona dawa ni kuongeza fimbo.

Kwa hiyo nilichowaambia siku ile, wakiwa wamekaa kibarazani, ni kwamba Bosi hakukosa mafunzo. Alikuwa darasani tangu alfajiri, chini ya walimu saba: baba, mama, bibi, watoto wawili, dada na mlinzi, kila mmoja na somo lake na malipo yake. Bibi akacheka, akasema basi yeye ndiye anayelipa mshahara mzuri. Ilikuwa kweli.

Daftari lilitoa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelitarajia. Mbwa huyu alikuwa halali. Saa kumi na moja yuko nyuma ya baiskeli, saa moja watoto wanajiandaa na shule, saa tatu nguo, saa tano fundi wa maji, mchana watoto wamerudi, jioni wageni, usiku mlinzi anazunguka na tochi naye yuko nyuma. Kila akijilaza, mtu anampita, anamshika masikio, anamwamsha. Mtoto wa mbwa wa umri ule huhitaji kulala zaidi ya nusu ya siku, na asipolala hapungui nguvu kama mtu mzima anavyosinzia kwenye daladala. Anachachamaa. Yale mashetani ya saa kumi na mbili yalikuwa uchovu. Na baiskeli iliyoletwa kama dawa ilikuwa inauongeza, huku ikimjengea mbwa pumzi ya mwanariadha na kuyabebesha viungo vyake mzigo usio wa umri wake. Labrador ni aina yenye historia ya matatizo ya nyonga na viwiko, na mifupa yake huendelea kukua hadi mwaka au zaidi. Kumkimbiza kwenye lami akiwa na miezi mitano ni deni litakalolipwa uzeeni. Ukichanganya na joto la Dar la Januari hadi Machi, ambapo mbwa anategemea hasa kuhema kupunguza joto mwilini, baiskeli ilikuwa ya kuachwa siku hiyo hiyo. Baba hakupenda. Aliacha.

Meno nayo yalikuwa na sehemu yake. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, na kuanzia kama miezi minne huanza kung'oka kupisha yale 42 ya ukubwani, kazi inayoisha karibu miezi saba. Fizi zinawasha, anatafuna. Hilo ni la kawaida na lina mwisho. Lisilokuwa la kawaida ni nguvu ya kung'ata. Bosi alitolewa kwa mama yake akiwa na wiki sita, mapema mno, kama wauzaji wengi wanavyofanya ili wapunguze gharama ya kulisha. Katika wiki zile za mwisho na ndugu zake, mtoto akiuma sana mwenzake hulia na kuacha kucheza, na hapo ndipo anapojifunza kipimo cha taya zake. Somo hilo Bosi alilikosa. Pia, kwa kuogopa parvo, ugonjwa wa virusi wa watoto wa mbwa, alifungiwa ndani ya geti mpaka chanjo zote zikaisha. Hofu hiyo ni ya haki, parvo inaua. Lakini dirisha la mtoto wa mbwa kuizoea dunia liko kati ya wiki ya tatu na kama ya 14, na angeweza kubebwa mikononi, kukaa kwenye gari karibu na stendi, kuona watu, kusikia bodaboda, bila kukanyaga ardhi chafu. Kwa kuwa hakuyaona hayo, kila mpita njia kwake akawa sherehe.

Kuhusu kuchubuliwa kwa watoto nilikuwa mkali kidogo. Jino likitoboa ngozi, hata la kitoto cha mbwa wa nyumbani, jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu mtu anakwenda zahanati. Kichaa cha mbwa kipo Tanzania, na karibu vifo vyote vya watu kwa ugonjwa huo vinatokana na mbwa. Bosi alikuwa amechanjwa akiwa na miezi mitatu na kadi nimeiona, hivyo wasiwasi ulipungua. Kadi hiyo sasa imebandikwa kwenye mlango wa friji, isitafutwe siku ya shida.

Mpango wenyewe haukuwa mrefu. Vitu kwanza: ndala ndani ya sanduku lenye mfuniko, kamba ya nguo ikapandishwa hadi usawa ambao Bosi hata akiruka haifikii, mlango wa jikoni ukawekewa kigeti cha mbao cha kimo cha paja. Kuna watu hudhani kuficha vitu ni kushindwa. Kila soksi asiyoiba ni siku moja ambayo tabia ile haikulipwa. Tena Labrador humeza. Soksi ikiziba utumbo, mnaongea habari ya upasuaji.

Kisha usingizi. Kwenye korido yenye upepo waliweka kizimba kikubwa chenye godoro kuukuu, na kila baada ya saa moja hivi ya kuwa macho Bosi aliingizwa humo na kipande cha ini, mlango ukarudishiwa, watoto marufuku kusogea. Siku ya kwanza alilalama kwa muda, akalala saa mbili na nusu bila kugeuka. Mama alinipigia simu kuuliza kama ni mgonjwa.

Chakula kikatoka kwenye bakuli. Nusu ya posho yake ya siku ilikaa kwenye mifuko ya watu na kutolewa kidogo kidogo pale anapofanya linalotakiwa: amekaa badala ya kuruka, ameachia badala ya kushikilia, amejilaza huku watu wanakula. Hapa tabia ya aina yake ilitusaidia. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walieleza badiliko kwenye jeni iitwayo POMC ambalo karibu Labrador mmoja kati ya wanne analo, na wenye nalo wana hamu kubwa zaidi ya chakula na hunenepa kirahisi. Iwe Bosi analo au hana, dagaa mmoja mkavu asiye na chumvi alitosha kumfanya asahau dunia. Na kwa kuwa kilichotolewa kilipunguzwa kwenye chakula chake, hakunenepa. Ya bibi tuliyaacha yawepo kwa sharti moja: ukoko unatoka mbwa akiwa kimya na amekaa, na hautoki akibweka, hata abweke mpaka usiku. Mifupa ya supu iliyochemshwa ikapigwa marufuku, kwani huvunjika vipande vyenye ncha; kitunguu na chokoleti vilevile, kwa kuwa ni sumu kwa mbwa.

Kwa ndala tulicheza biashara. Dada alimpa Bosi ndala kuukuu, akasubiri aikamate sawasawa, akamwekea dagaa puani akisema "lete." Mdomo ukafunguka, ndala ikadondoka mkononi, dagaa akaingia, na ndala akarudishiwa. Kule kurudishiwa ndiko kulikomchanganya kwa namna nzuri. Alikuwa amezoea kwamba mtu akikukaribia umepoteza mali. Sasa mtu akikukaribia unapata dagaa na mali unabaki nayo. Mchana wa pili aliitoa ndala nyingine chini ya gari, ambayo hakuna aliyejua ipo, akaja nayo jikoni mwenyewe. Nilimwomba mlinzi awe wa kwanza kuendeleza zoezi hili, kwa sababu yeye ndiye ambaye mbwa alikuwa akimkwepa. Alifanya kwa shingo upande siku chache za mwanzo. Bosi alimsogelea kwa tumbo, mkia umebana, akachukua dagaa na kukimbia. Ilichukua muda kabla hajasimama mbele ya mlinzi wima, na sidhani kama fimbo ile imefutika kabisa.

Watoto walifundishwa jambo moja: aking'ata, kuwa nguzo. Mikono kifuani, macho juu, kimya. Mtu mzima anaingia kati, anampeleka kupumzika bila hasira. Na hawachezi naye bila mtu mzima karibu, hilo halina mjadala.

Kisha ikaja wiki mbaya, kama nilivyowatahadharisha. Tabia iliyokuwa inalipwa ikiacha kulipwa, mnyama hajiuzulu. Huongeza juhudi kwanza. Hata mtu akibonyeza swichi na taa isiwake, hubonyeza tena kwa nguvu. Bosi alibweka jikoni mpaka sauti ikakwaruza. Bibi akamwonea huruma, akatupa ukoko katikati ya kelele, na kwa ukoko ule mmoja akamfundisha kwamba kubweka dakika tano hakutoshi, ubweke 20. Tukaanza upya. Familia nyingi humrudishia mbwa fimbo katika wiki hiyo hiyo na kusema mbinu za upole hazifai kwa mbwa katika hewa ya Kiafrika. Hewa haina kosa. Siku ya tisa hivi kelele zilikatika ghafla, na daftari likaanza kuwa na mistari mitupu.

Suala la mzee jirani nililipa uzito kuliko baba alivyodhani. Waislamu wengi wa pwani hii wanafuata madhehebu ya Shafii, na humo mate ya mbwa ni najisi: kilichoguswa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa akimlamba mtu anayekwenda msikitini amemrudisha nyumbani kubadili nguo, na pengine amemkosesha swala ya jamaa. Kufuga mbwa wa kulinda hakukatazwi, na mzee mwenyewe hakuwa na ugomvi na mbwa. Alitaka kufika msikitini na kanzu safi. Baba alikwenda kwake, akamwamkia, akaomba radhi kabla hata hatujamfundisha Bosi kitu, na nadhani ziara hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko yangu.

Upande wa mbwa, hatukujaribu kumfundisha kutulia getini katika saa ngumu kuliko zote. Tuliibadilisha saa yenyewe. Kila jioni, mara adhana ya magharibi ikianza, dada alikwenda ua wa nyuma na kumwaga chakula chake cha jioni juu ya nyasi, punje punje, ili atafute kwa pua. Kunusa kunachosha akili ya mbwa kuliko mbio, na robo saa nzima hakuwa na habari na geti. Wiki chache baadaye dada hakuhitaji tena kumwita. Muadhini akianza tu, Bosi anaacha alichonacho na kuelekea uani, anakaa kwenye nyasi anamsubiri dada. Mzee aliposimuliwa alicheka sana, akasema kuna watu mtaani wanaisikia adhana ile ile na hawanyanyuki.

Mashetani ya jioni yaliisha karibu pamoja na usingizi kupatikana. Kung'ata kulipungua polepole zaidi, na meno ya ukubwani yalipokamilika kukawa kwa nadra. Kuruka kwa wageni kumebaki kwa wale wanaomchekea. Hilo ni tatizo la wageni. Alipofika miezi minane alianza kujifanya hasikii "njoo," ubalehe wa kawaida, tukamrudisha kwenye kamba ndefu ya mita kumi na dagaa wengi. Kuvuta kamba barabarani bado. Sasa ana kilo 27, na bodaboda akipita karibu dada hawezi kumshikilia, kwa hiyo anatembezwa na baba au mlinzi, alfajiri kabla lami haijapata moto. Kuhusu kumhasi, daktari wa mifugo ameshauri wasubiri akomae mifupa, na sikuwa na sababu ya kupinga.

Mara ya mwisho baba aliniuliza kama sasa amletee Bosi mwenzake, mtoto mwingine wa Labrador, wachoshane wenyewe. Nikamwambia asubiri Bosi afike angalau mwaka na nusu. Watoto wawili wa mbwa hushikamana wao kwa wao, na kila ambacho mkubwa bado anakosea, mdogo atakinakili. Akaniambia tayari ametoa nusu ya fedha. Nikamshauri akaidai.